Ubao wa Kuvukia Paani

Maiti ilikuwa kwenye kichochoro baina ya nyumba mbili, pekupeku, viatu vimebanwa kwapani. Hata mauti hayakumfanya aviachie.

Mkaguzi Bahgat Elwan alichuchumaa. Mwaka wa ishirini na sita huu katika polisi ya mji wa Mahalla, Misri, na bado maiti za asubuhi zilimharibia siku. Mfukoni mwa marehemu alikuta mswaki, wembe, na picha ya arusi iliyochomolewa kwenye fremu.

"Mwizi, afande," alisema Sajini Hamam. "Kaanguka akikimbia."

"Mwizi gani anaiba mswaki uliotumika? Hebu fikiri kidogo, wewe!"

Ajuza mmoja aliwapenya watu, akajitupa chini. Alikuwa Hajjati Tawhida, mama wa marehemu. "Shawki! Mwanangu wee! Nilikwambia, yule kiwete atakumaliza!"

"Kiwete yupi, mama?"

Alinyoosha kidole juu, ghorofa ya tano.

Hapo Hamam akakohoa. Alikuwa mzaliwa wa mtaa ule, na lile neno mwizi lilikuwa la kuwasitiri majirani zake. "Ni Ikram, afande, mtalaka wake. Talaka ya kwenye makaratasi tu. Shawki alipoajiriwa kiwanda cha nguo, mshahara wake ulihesabiwa, pensheni ya ulemavu ya mkewe ikakatwa, na kadi ya matibabu ikaenda nayo. Wakaachana, vyote vikarudi. Na Shawki naye akarudi."

"Mtaa unajua?"

"Nani asiyejua! Mtafiti wa ofisi ya ustawi wa jamii akiingia mtaani, muuza mboga huvuta mara mbili kamba ya kikapu ambacho Ikram hukiteremsha dirishani kununulia mboga. Basi mtalaka anabeba viatu, anapanda paani, anavukia kwa jirani kwa ubao. Watu wanacheka mpaka mbavu ziume."

Leo hakuna aliyecheka.

Mtafiti mwenyewe, Bi Nermin, walimkuta sebuleni kwa Ikram, jalada mapajani, uso umemsawajika.

"Nilibisha hodi saa nne," alisema. "Alichelewa kufungua. Kisha nikasikia kishindo. Wallahi, afande, mimi natumwa tu."

Ikram alikuwa kwenye kochi, mguu wenye chuma umenyooshwa, magongo ubavuni. Umri haukufika arubaini. Hakuwa analia.

"Wewe ni nani wa marehemu?" aliuliza Bahgat.

"Mtalaka wake."

"Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Hakuwa hapa."

"Glasi mbili za chai, bibie."

"Nilikuwa na kiu."

Bahgat alimwonea huruma, akapanda paani. Ngazi zilikuwa kumi na nane, nyembamba, zimejaa vumbi na vinyesi vya njiwa. Lakini katikati ya kila ngazi vumbi lilikuwa limefutika, upana wa makalio ya mtu. Alisimama akaitazama ile alama.

Pengo baina ya mapaa mawili lilikuwa zaidi ya hatua mbili za mtu mzima. Kwenye ukingo, mistari miwili safi ilionyesha mahali ubao ulipolala miaka. Ubao wenyewe ulikuwa upande huu, nyuma ya banda la njiwa, umeegemezwa vizuri.

"Umeondolewa," alisema Hamam. "Jirani huyo! Alikuwa anagombana na Shawki juu ya njiwa. Nikamkamate?"

"Jirani angeuvutia upande wake. Nani mwingine anapanda huku?"

"Hakuna mwingine. Ikram hawezi. Cheti cha daktari kinasema hivyo, hata mtafiti ameandika."

"Cheti," alisema Bahgat. Akateremka polepole.

Alimwomba Bi Nermin asubiri nje. Kisha akavuta kiti karibu na kochi.

"Kanzu yako nyeusi iko kwenye kamba, imefuliwa. Nyuma chokaa haijatoka. Mlango wa paani una chokaa."

Ikram aliyavuta magongo karibu naye.

"Ulipanda lini?"

"Mimi siwezi kupanda ngazi."

"Kwa miguu, huwezi. Ulipanda kwa kukaa, ngazi moja moja, kinyumenyume. Lini, dada yangu?"

Lile neno dada ndilo lililomvunja.

"Jana. Alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Nilipanda tangu magharibi mpaka isha, nikauondoa ule ubao."

"Ulitaka afe?"

"Afe?" Alimkodolea macho. "Nilitaka akutwe! Nilijua mtafiti anakuja wiki hii. Nilitaka aingie amkute Shawki na fulana yake, anakunywa chai nyumbani kwake. Aandike: mume yupo. Wakate pensheni yao, nipumue."

"Kwa nini sasa, baada ya miaka yote?"

"Alhamisi mama yake alileta picha ya msichana. Ana miguu miwili, mizima. Akasema mbele yangu: mwanangu kwa serikali hana mke, hakuna atakayemuuliza. Na kweli, afande. Mwanamume mwenye mke, akitaka kuoa wa pili, mke hupelekewa habari. Mimi nani angeniletea? Shawki alinirejea siku ileile ya talaka, hapa hapa, kwa maneno tu. Mashahidi wetu ni Mungu na huyo mama yake."

"Shawki alisemaje?"

"Alinyamaza. Aliiangalia ile picha, akanyamaza." Alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Kile kimya sikuweza kulala nacho."

Bahgat aliitazama fremu tupu ukutani.

"Leo kikapu kilipovutwa mara mbili, nilimwambia usiende. Akasema, 'Kadi yako, Ikram. Upasuaji wako mwezi ujao.' Akachomoa picha yetu ukutani, akatoka. Nikasema moyoni, akikuta hakuna ubao atarudi. Mtu yeyote mwenye akili angerudi!" Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujificha. "Akaruka, afande. Aliruka kwa ajili yangu, nami nilidhani amenichoka."

Hamam aligeukia dirishani, akatoa leso.

Bahgat alifungua fomu ya maelezo. Kosa la kusababisha kifo bila kukusudia. Jaji angeamua mengine. Kalamu ilisita kwenye mstari wa tatu: uhusiano na marehemu.

"Nikiandika mtalaka, huenda pensheni ikabaki," alisema kwa sauti ya chini. "Fikiri vizuri."

"Andika mke."

Aliandika. Kisha akauliza swali ambalo baadaye alitamani angelimeza: "Ukienda hospitali, nani alikuwa anakushusha?"

"Yeye. Mgongoni. Ghorofa tano, kila mwezi, na kunipandisha."

Bahgat alivua kofia, akachuchumaa mbele ya kochi, akampa mgongo.

"La, kaka," alisema Ikram. "Huo mzigo si wako."

Alijiteremsha mpaka sakafuni, akajikokota hadi mlangoni. Majirani walikuwa wamejipanga kila ghorofa, na Hajjati Tawhida chini kabisa. Ikram alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akashuka. Akakaa kwenye ya pili. Bahgat alimfuata nyuma na magongo yake mikononi, na hakuthubutu kumhimiza.