Picha Safi ya Mzee Gwakisa

Kofia ya kifumbuanuru, chombo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa mwanga, ilimkaa Mzee Gwakisa kichwani kama helmeti ya bodaboda. Ndani yake maelfu ya miale myekundu, isiyochoma, ilipenya fuvu kutafuta mshipa mmoja uliokuwa ukivuja damu.

"Shikamoo, baba. Unasikia joto?" aliuliza Tusajigwe, mhandisi aliyekiunda chombo hicho.

"Marahaba. Nasikia usingizi tu," alijibu mzee, fundi magari wa Uyole.

Mwanga ukiingia mwilini hutawanyika ovyo, kama tochi inayomulika glasi ya maziwa: maziwa yote yanang'aa, lakini cha upande wa pili hukioni. Kifumbuanuru kilifuatilia jinsi kila mwale ulivyopinda, kisha kikaunyoosha. Tatizo lilikuwa damu. Kabla chombo hakijamaliza hesabu, damu imeshasogea na njia zote zimebadilika. Kwa miaka mingi Tusajigwe alikuwa akiambulia picha za ukungu.

Siku hiyo ukungu ulitoweka ghafla. Mishipa ikajitokeza kwenye skrini, myembamba, safi, na ule unaovuja ukaonekana wazi.

"Imekubali!" alipiga kelele. "Daktari, njoo uone!"

Dkt. Kilenzi, mpasuaji, akainama kutazama. Muuguzi Atupele alikuwa ameshika mkono wa mzee.

"Hana mapigo," alisema.

Hapo Tusajigwe akaelewa kwa nini damu imetulia.

Wakaing'oa kofia. Atupele akakandamiza kifua, daktari akampiga mzee shoti ya umeme, akarudia. Tusajigwe alibaki ameegemea ukuta, akijionea haya kwa furaha yake. Hatimaye mzee akakohoa.

Kwa picha ile ile Kilenzi aliuziba mshipa.

"Moyo unaweza kusimamishwa kwa dawa, kidogo tu," alimwambia Tusajigwe baada ya upasuaji. "Fikiria tutakaowaokoa."

"Na wasioamka?"

"Hao tunawapoteza hata sasa."



Mzee alipopata nafuu, alimpokea Tusajigwe kwa tabasamu. "Mwanangu, nasikia picha yangu imetoka safi kuliko zote."

"Ndiyo, baba."

"Basi mdogo wangu naye anaumwa hivi hivi. Nimemwambia aje. Mtampiga picha kama yangu, au siyo?"

Tusajigwe akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Baba," alisema, "hujaambiwa ilivyopatikana."