Sauti Ndani ya Flashi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi kompyuta. Mjane mmoja, jirani yake, alimletea dukani usiku mmoja flashi ya marehemu mumewe, iliyofungwa kwa neno la siri.

"Nataka kusikia sauti yake tu, kaka."

Walijaribu majina ya watoto, ikagoma. Wakajaribu jina la mjane mwenyewe, ikagoma vilevile.

"Hata mimi?" alinong'ona.

Mara umeme ukakatika. Kompyuta ikazima, na duka lile lisilo na dirisha likawa giza totoro. Humo gizani spika zikakwaruza, kisha marehemu akacheka taratibu.

"Mume wangu!" mjane akalia kwa furaha.

"Acha kulivutavuta hilo gauni la msiba," ikajibu sauti. "Limekuzeesha."

Fundi akapapasa, akamkuta mjane ameling'ang'ania pindo la gauni kwa mikono miwili.