Betri ya Opondo na Kikao cha Saa Tisa

"Opondo, chagua. Mimi ama hiyo kitu."

Nilisimama mlangoni kwake, kwenye nyumba za walimu hapa Lodwar, vumbi la barabara ya Kakuma limenijaa hadi kwenye kope. Hakuinua hata macho. Alikuwa akiandika namba daftarini.

"Nyamal, mpenzi, ngoja. Sekunde mbili tu."

Sekunde mbili! Mara mbili Baba mdogo Gai ametoka Lokichoggio hadi kambini kwetu Kakuma kumwona mwanamume anayetaka kunioa, na mara mbili mwanamume hakutokea. Leo ni ya tatu, kikao saa tisa. Mzee amesema wazi: asipokuja, jina lake lisitajwe tena kwetu. Mimi nimehangaika siku nne kupata ruhusa ya kutoka kambini, naye Opondo ananihesabia sekunde.

"Ni nini inakushinda kuacha?"

"Betri ya kuchaji. Upande wake hasi ni silikoni, nilitoa kwa mchanga wa Turkwel."

"Mchanga! Unaniacha juu ya mchanga? Kwani Kakuma hakuna?"

"Sikiza. Punje ya silikoni ikiwa kubwa, ukichaji inavimba, inapasuka, betri inakufa. Yangu ni ndogo, hata hadubini ya shule haiioni. Nimeichaji mara mia moja tisini na sita. Ikifika mia mbili leo bila kupasuka, chuo kitanipa digrii yangu. Lakini kila nusu saa lazima mita isomwe."

"Lazima na wewe?"

"Lazima na mtu."

Nilimtazama. Nampenda, na hiyo ndiyo shida yangu. Mtu ana akili ya kutoa betri mchangani, lakini hili hakuliwaza.

"Opondo, kikao wanaongea wanaume. Mimi ningekaa jikoni na shangazi. Leta kalamu."

"Utaweza?"

"Mimi ni fundi wa nguo! Napima viuno vya watu, nishindwe na namba za mita? Toka!"

Akapanda gari la saa nne. Nikaandika. Saa tano. Saa tano na nusu. Bati la paa likawaka kwa joto, nikaogopa hata kwenda chooni. Moyo ulikuwa Kakuma. Saa kumi na mbili simu ikalia, ni Opondo:

"Mzee amekubali. Harusi Desemba. Betri imefika ngapi?"

Nikapiga meza kwa ngumi. Hata "nakupenda" hakuna! Nikacheka, nikalia, kisha nikasoma mita na kumjibu:

"Mia mbili. Haijapasuka. Ni mimi karibu nipasuke."