Bei kwa Gorogoro

Kila asubuhi Emoit alichemsha chai ya rangi, akaketi mbele ya kompyuta katika chumba chake cha kupanga mjini Busia, upande wa Uganda. Nje, wabeba mizigo walisukuma baiskeli zenye magunia kuelekea mpakani, huku wakitaniana. Ndani hapakuwa na mtu wa kumwambia hata pole. Mwenzake aliyeanza naye kazi alichoka, akaondoka. Mkewe Atai alibaki shambani Osukuru, na alikuwa amesema wazi: mahindi yakivunwa na bado huna wateja, funga chumba urudi tulime.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka.

Emoit alikuwa ametengeneza huduma ya simu aliyoiita Bei Leo. Ilionyesha bei ya bidhaa pande zote mbili za mpaka, ili mfanyabiashara ajue auze wapi. Aliitangaza redioni na mtandaoni. Vijana wa Kampala na Nairobi waliisifu sana. Lakini wanawake waliouza mahindi sokoni, hatua chache kutoka mlangoni kwake, hakuna aliyeitumia. Emoit alizoea kula akitazama ukuta.

Siku moja mzee Imalingat, jirani wa chumba cha pili, aligonga kuomba kiberiti. Mzee huyu aliwahi kuuza taa za sola vijijini, wakati kampuni iliyomwajiri ikiwa changa kabisa. Emoit hakuwa amezungumza na mtu tangu juzi. Alimweleza yote bila kuulizwa.

Imalingat alisikiliza akiwa amesimama, kiberiti mkononi.

"Mteja wako ni nani?" akauliza.

"Kila mtu, mzee. Kila anayefanya biashara mpakani."

"Basi huna mteja. Nitajie jina la mmoja."

Emoit aliitazama kompyuta, kana kwamba jina lingekuwa humo.

"Soko liko hapo, na hujui jina la mtu? Unaishi humu kama panya. Toka."

Kisha mzee alikaa, akamsimulia. Mwanzoni yeye alitangaza taa kwa kipaza sauti wilaya nzima, asiuze kitu. Baadaye alichagua kijiji kimoja tu huko Paya. Aliweka taa kwa mama mmoja aliyeheshimika, akawa anarudi kila wiki kumuuliza ina shida gani, na akasikia shida, akairekebisha. Majirani walipoona mwanga, walikuja kuuliza wenyewe. Tangazo hufanya watu walijue jina lako, alisema, lakini mtu hununua kitu alichoona kikimfaa mwenzake.

"Na usihesabu wanaokusifu. Hesabu wanaorudi."

Kesho yake Emoit alivuka hadi soko la upande wa Kenya, ambako mahindi mengi ya Uganda huishia, akasimama kwa mama mmoja muuzaji aliyeitwa Wilkister. Alianza kueleza huduma yake. Wilkister alimwambia akae kwanza, amsaidie kushika gunia. Walipomaliza, aliitazama bei ya kilo kwenye simu ya Emoit, akacheka mpaka mama wa kando akageuka.

"Kijana, hii kilo ni ya nani? Sisi hapa tunauza kwa gorogoro." Akainua mkebe wa bati uliojaa mahindi hadi yakafanya kichuguu juu. "Na simu yangu ni hii ya tochi. Hiyo yako ya kioo nitaibonyeza na vumbi hili?"

Emoit aliona aibu. Mama yake mwenyewe alipima mahindi kwa mkebe. Yeye aliandika kilo kwa sababu kilo ilionekana ya kisomi.

Alirudi chumbani, akaondoa kwenye huduma bei za vitunguu, samaki na nguo. Aliacha mahindi peke yake, bei kwa gorogoro, kwa ujumbe mfupi unaoingia simu yoyote. Kila siku alikwenda kukaa na Wilkister na kumuuliza kilichomsumbua. Aliambiwa bei inakuja jua likiwa limeshapanda, malori yameshaondoka. Akaanza kuituma alfajiri. Wilkister akamwambia mwenzake, na huyo akamwambia wa kwake. Jioni zilibaki ndefu na kimya kama zamani.

Asubuhi moja usingizi ulimzidi. Simu ilimwamsha. Alikuwa mwanamke asiyemjua, mwenye hasira.

"Wewe ndiye Bei Leo? Lori liko hapa na mimi sina bei. Nanunua vipi?"

"Samahani, mama. Nani alikupa namba?"

"Niliipata kwa mwenzangu, naye alipewa. Acha maswali, leta bei."

Alipokata, mwingine alikuwa tayari anapiga, kisha mwingine. Emoit aliwatumia wote bei, halafu akampigia Atai.

"Nimegombezwa na watu nisiowajua," alimwambia.

"Na unacheka?"

"Hao ni wateja, Atai. Wamekosa bei siku moja tu, wamenitafuta."

Emoit alisikia kuku wa nyumbani kwake katika simu.

"Basi mahindi nitavuna na dada zangu," alisema Atai. "Wewe baki na kazi yako. Lakini Jumapili uje ule na watu."