Koja la Mgeni

Tangu lini mwenye nyumba akauliza njia ya kwake? Lakini ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile alasiri, nje ya Ngome ya Yesu, pale waongoza watalii wanapogombania wageni na wauza vinyago hawampi mtu nafasi ya kupumua. Vijana wa Chuo cha Mwamba walikuwa wamesimama katikati ya vurugu hiyo, warefu kama nguzo za stima, jezi za manjano zikiwaka jua, mifuko mabegani, hawajui waende kushoto ama kulia. Na mechi ilikuwa yao. Tena ya nyumbani!

Chuo chenyewe kiko ng'ambo ya kivuko, Likoni. Uwanja wao ulikuwa umechimbwa wote ili ujengwe ukumbi wa kisasa, kwa hivyo mechi zao za nyumbani msimu ule zikahamishiwa kiwanja cha mtaa, Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Kocha Ndinda alikuwa ametangulia na mipira. Sammy, mzaliwa wa Majengo, ambaye angewaelekeza, alikuwa ametoka kwao moja kwa moja kwa miguu na simu hashiki. Vijana wakamsukuma nahodha wao, Gunga, kijana wa Kinango mwenye mikono mirefu na haya nyingi, akaulize.

Aliyekuwa karibu ni msichana wa buibui lenye tarizi ya zambarau mikononi, amebeba sinia lililofunikwa kitambaa kibichi. Harufu ya asumini ilimfikia Gunga kabla hajafungua mdomo, na nusura asahau alilotumwa.

"Masalkheri, dada. Kiwanja cha mpira wa vikapu kiko wapi?"

"Masalkheri. Mwaja kutazama mechi?"

"Twaja kucheza."

"Ahaa, nyinyi ndio wageni!"

"Hapana, sisi ndio wenyeji. Leo tuko nyumbani."

Msichana akamtazama kuanzia viatu, akapanda, akapanda, mpaka shingo ikamkataa. Kisha akaangua kicheko. "Subhanallah! Mwenyeji gani huyu aliyepotea mlangoni kwake? Haya, nifuateni. Lakini inamisha kichwa, kaka. Vibaraza vya kwetu havikujengewa twiga."

Jina lake Mwanarusi. Gunga alilijua kabla hawajapita vichochoro viwili, kwa kuwa kila mlango ulikuwa ukimwita. "Mwanarusi, hao nao umewaokota wapi?" Naye akijibu bila kugeuka, "Ni wenyeji hawa! Wamepotea!" Na vicheko vikawafuata nyuma.

Ghafla ukuta ukaisha, na Gunga akasimama.

Alikuwa amecheza viwanja vingi, vya shule na vya chuo, vyote vimezungukwa na nyasi au waya. Hiki kilizungukwa na watu. Nyumba za mawe zilikisonga pande zote, za zamani, zenye roshani za mbao zilizonakshiwa, na kila roshani imejaa. Akina mama wamekaa madirishani na leso zao. Wazee wa kanzu wamekaa barazani na vikombe vya kahawa. Juu ya mapaa watoto wamejipanga kama kunguru. Sauti zote zilishuka katikati, pale kwenye saruji kuukuu yenye kikapu kila upande, na Gunga akahisi nywele za mikono zinamsimama.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Mwanarusi akamwambia.

Mbele ya mlango mmoja alikaa bibi yake, Bi Mwanatumu, mtunga asumini maarufu wa mtaa. Aliwapima vijana wale, akauliza, "Hawa ndio wageni?"

"Wasema ni wenyeji, Bibi."

"Walikuja wenyewe ama waliuliza njia?"

"Waliuliza."

"Aliyeuliza njia ni mgeni. Wape lao."

Basi yakatoka makoja mawili ya asumini, moja la nahodha wa timu pinzani na moja la Gunga. Mwanarusi hakuweza kuifikia shingo ile, na heshima haikumruhusu kusogea zaidi. Akarudi nyuma hatua chache, akapima, akalirusha. Koja likapaa, likatua shingoni mwa Gunga, kwaa!

"Kikapuuu!" mtaa mzima ukapiga kelele, na vigelegele vikamwagika kutoka madirishani mpaka refa akaziba masikio.

Siku hiyo Gunga alicheza kama aliyepagawa. Adhana ya magharibi ilipoanza, refa akapuliza kipenga na kila kitu kikasimama. Mpira ukawekwa chini. Umati ule wote ukanyamaza, sauti ikashuka kutoka mnarani ikapita juu ya vichwa vyao, na waliokuwa wa kusali, wa timu zote mbili, Gunga akiwamo, wakaenda pamoja msikitini na jezi zao, wakajifunga mashuka juu ya kaptura. Waliporudi, taa zimewashwa na hakuna aliyeondoka. Gunga alitazama juu, pande zote, akazubaa mpaka refa akamwita mara mbili. Walishinda. Na nambari ya simu akaipata.

Yaliyofuata simuni mwayajua, hamkuzaliwa jana.

"Umeamka, mwenyeji?"

"Nimeamka, kipenzi. Kulala ndiko nilikoshindwa."

"Ulikuwa wafanya nini?"

"Nanusa koja."

"Limenyauka siku nyingi hilo, jamaani! Litupe!"

"Silitupi hata kwa bakora. Lete lingine ndio nilitupe."

Na lingine akalipata, mechi ya pili, kwa mtupo ule ule. Kati ya mechi na mechi alivuka kivuko kila alipopata nafasi, akaketi barazani kwa Bi Mwanatumu huku bibi mwenyewe katikati yao, wakitunga asumini. Vidole vya Gunga vilivyodaka mpira bila tabu vilishindwa na sindano. Mwanarusi alimcheka mpaka machozi. Gunga naye alikuwa tayari kujichoma tena, mradi acheke tu.

Ikaja mechi ya tatu. Wapinzani walitoka Nairobi, na nahodha wao alikuwa Oliver, kijana mtanashati mwenye nywele zilizochongwa na tabasamu la kuuza dawa ya meno. Gunga aliwahi mapema, shingo tayari. Bi Mwanatumu akampa ufagio.

"Kiwanja kina mchanga, mwanangu. Fagia."

Akafagia, akicheka, akidhani ni utani. Mara akasikia mtaa umepasuka: "Kikapuuu!" Akageuka. Koja la asumini lilikuwa shingoni mwa Oliver, na Mwanarusi alikuwa akipiga makofi. Gunga akangoja lake. Hakuna. Akamtazama Mwanarusi, na Mwanarusi akamwonyesha kwa kidole: pale pembeni bado pana mchanga.

Wivu, ndugu zangu, hauna dawa ya hospitali. Mechi ilianza, na kila Oliver alipofunga, madirisha yalitoa vigelegele. Alipofunga Gunga, wazee waliitikia kwa kichwa, wakanywa kahawa. Katika akili yake aliwaona maharusi wote aliowahi kuwaona Mombasa, na kila bwana harusi alikuwa na koja kama lile. Mwishoni, wakiwa nyuma kwa pointi moja, akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili haukugonga hata chuma.

Mwanarusi alimfuata kwenye kona ya msikiti, bado anahema. "Pole, mpenzi. Mbona mitupo yote miwili ilikukataa?"

"Muulize Oliver."

"Oliver ndiye nani?"

"Uliyemvisha koja mbele ya dunia nzima!"

Mwanarusi akashangaa, kisha akacheka. Hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa kuwa hakujua mwenzake anaungua. "Wewe kweli! Na ufagio je, hukupewa?"

"Ndio heshima yangu hiyo? Mwenzangu maua, mimi taka?" Sauti ikampanda. "Sawa. Kwanza hiki ni kiwanja cha kuazima tu. Ukumbi wetu uko karibu kwisha. Tutarudi kwetu, nanyi mbaki na wageni wenu."

Kicheko kikamkauka Mwanarusi usoni. Akauvuta ushungi wake taratibu. "Cha kuazima," akasema. "Vyema. Basi rudini kwenu, Gunga. Njia ya kutoka huna haja ya kuuliza."

Simu ikalia, haikushikwa. Ikalia kesho yake, ikakatwa. Gunga naye akanuna, akasema basi, akala kiapo hapigi tena, akapiga. Kimya.

Ukumbi mpya ukafunguliwa. Wallahi ulikuwa ukumbi! Sakafu ya mbao inang'aa mtu ajione meno, viti vya rangi, paa juu, feni kubwa zinazunguka. Wakacheza mechi yao humo, wakashinda. Viatu vilipiga kelele sakafuni na kelele zikarudi zenyewe kutoka kwenye viti vitupu. Walinzi wawili na mke wa mkuu wa chuo walipiga makofi. Nahodha wa wageni alipompa Gunga mkono alimwuliza kwa upole, "Kwani hapa hamna watu?"

Gunga akakaa kwenye benchi na taulo kichwani. Sammy akaja akamketia kando.

"Waumwa na nini, ndugu yangu? Tumeshinda."

"Mwanarusi alimpa Oliver koja langu."

"Koja lako? Lako kivipi?"

"Nilipewa mara mbili, Sammy! Mara ya tatu nikapewa ufagio."

Sammy akamtazama kana kwamba amemsikia akisema jua ni la mbao. "Gunga. Koja ni la mgeni. Kigelegele ni cha mgeni. Wewe ulipewa ufagio na Bi Mwanatumu, mkononi, mbele ya mtaa, nawe wanuna? Mimi nimezaliwa Majengo, nimepita pale maisha yangu yote, sijawahi kupewa hata kijiti cha meno!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wajua! Kwani kwenu Kinango mgeni ndiye afagiaye?"

Gunga akalivua taulo kichwani. Akilini alimwona mama yake, uani kwao, akimkimbilia mgeni na kigoda na maji ya kunywa, na kumgeukia yeye: wewe Gunga, shika jembe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali aliyonyonya pamoja na maziwa! Watu wa Kibokoni walikuwa wamempa nyumba, naye akaiita ya kuazima. Aibu ilimshuka mpaka kwenye nyayo.

Ilibaki mechi moja ya nyumbani msimu ule. Akamwendea Kocha Ndinda.

"Kocha, tukacheze Kibokoni."

"Tumejengewa ukumbi wa mamilioni, nawe wataka kurudi kwenye saruji yenye nyufa?"

"Kocha, humu ndani sisi ndio wageni."

Kocha akavitazama viti vile vitupu. Kisha akatoa simu, akaanza kumtafuta mkuu wa chuo.

Jumamosi ya mechi, asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, Mwanarusi alisikia mchakacho chini ya dirisha. Akachungulia. Kijana mrefu, ameinama, anafagia kiwanja kutoka ukutani mpaka ukutani, na hakuacha hata pembe.

"Nani aliyekutuma?" akauliza kutoka juu, sauti kavu.

Gunga akainua uso. "Mtu wa nyumbani hatumwi."

"Nyumbani? Si ulisema cha kuazima?"

"Nilisema upuuzi, Mwanarusi. Nilidhani asumini ndiyo mapenzi, na ufagio ni dharau. Nisamehe. Hata usiponisamehe nitamaliza kufagia."

Sauti ikarudi, imelainika kidogo, imejaa uchokozi. "Pale chini ya kikapu umeruka."

Alasiri hiyo madirisha yalijaa kuliko siku zote. Koja likapaa likatua kwa nahodha mgeni, "Kikapuuu!", na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Gunga. Adhana ikapita juu yao, umati ukatulia, na safari hii alielewa kilichomzubaisha siku ya kwanza. Umati wote huu, na yeye si wa kutazamwa tu; ni mmoja wao. Mwishoni akapewa tena mitupo miwili. Hakuna aliyemshangilia. Bi Mwanatumu alimwinulia kidevu tu, kama mtu anayemwambia mjukuu afunge mlango. Ukaingia wa kwanza. Ukaingia wa pili. Mechi ikaisha hapo, na wazee wakaagiza kahawa nyingine.

Watu walipopungua, Gunga alichukua ufagio. Mwanarusi akaja na sinia tupu kiunoni.

"Umecheza vyema, mpenzi."

"Na mimi koja langu?"

"La mgeni ulishalivaa. Mtu wa nyumbani havai koja ila siku moja."

"Siku gani?"

Mwanarusi akainamisha macho, akashughulika na tarizi ya mkono wake ambayo haikuwa na tatizo lolote. "Siku yake ya harusi," akasema.

Gunga alitoa simu, akapiga, akaiweka sikioni, ufagio ukiwa mkono wa pili.

"Baba? Shikamoo. Ile kanzu yako nyeupe i safi? … Hapana, Baba, hakuna msiba. Nataka uje na ami, mje mjini. Mje kuposa."

Kutoka dirisha la juu, palipodhaniwa hapana mtu, Bi Mwanatumu akaachilia kigelegele. Kimoja, kirefu, cha kizamani. Nyumba ya pili ikakipokea bila kujua ni cha nini. Ya tatu ikapokea, na ya nne, kikapita roshani hadi roshani, kikazunguka kiwanja chote, kikaingia vichochoroni. Na Gunga, ambaye tangu apewe ufagio hakuwa amepigiwa hata kimoja, alisimama pale katikati, machozi yakimtoka mbele ya mtaa mzima, wala hakujaribu kuyaficha.