Kisanduku cha Matundu Manane

Wajukuu, nawategea: mgeni ana mguu mmoja, na mlango usipoutosha huo mguu, anabaki nje na mzigo wake. Ni nani? Ni waya wa kompyuta. Sikilizeni vile alimsumbua Ndolo wa hapa Zombe.

Ndolo ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Mwimbishaji wake, Kalunde, alikuwa anahamia Malili Jumamosi, kwa mumewe. Na kuna wimbo wa Kikamba aliachiwa na marehemu mama yake. Hakuna mwingine anayeujua wote. Kwaya ikakubaliana arekodiwe nyumbani kwa Ndolo kabla hajaenda, ili Wavinya, atakayeshika nafasi yake, aweze kujifunza.

Laptopu ilikuwepo, maiki pia. Kilichokosekana ni kile kisanduku kinachopokea sauti ya maiki na kuipeleka kwenye kompyuta. Mafundi hukiita saundi kadi. Ndolo akaenda Kitui, laptopu akaiacha kitandani isiingie vumbi. Alifikiria waimbaji wake, ni wanane, akanunua kisanduku cha mitumba chenye matundu manane ya maiki.

Kufika nyumbani, waya wake ukakataa kuingia kwenye laptopu. Tena kisanduku kilitaka stima, na kwao kuna sola ndogo ya taa.

Mke wake, Katunge, akakitazama. "Baba Ndunge, ulinunua kama mtu anayenunua viti."

Asubuhi wakarudi Kitui pamoja, laptopu wameifunga kwa leso. Walienda kwa Bilha, fundi wa spika za makanisa. Ndolo akamwomba tu kipande cha kuunganisha zile nyaya mbili.

"Mwalimu, hicho kitabadilisha umbo la mdomo, si lugha," Bilha akasema. "Kisanduku hiki ni cha fayawaya, waya wa kompyuta za zamani. Laptopu yako inajua USB. Mbuzi ukimvalisha kengele ya ng'ombe, utamkamua maziwa ya ng'ombe?"

Katunge akacheka mpaka akashika meza.

Bilha akawaeleza polepole. Unaanza na kompyuta: tazama ina tundu gani ubavuni. Halafu hesabu maiki utakazorekodi kwa pamoja, si watu. Kwaya inaweza kuzunguka maiki moja, Kalunde apewe yake. Matundu mawili yanatosha, na USB hubeba hizo sauti bila shida. Mwisho uliza kisanduku kitapata nguvu wapi. Kidogo cha USB hunywa kutoka kwa laptopu yenyewe, kwa hivyo ichajiwe ijae kwanza. Bilha mwenyewe ana kompyuta ya zamani yenye mlango wa fayawaya, basi akachukua kile cha matundu manane, akawapa kidogo cha USB.

Ijumaa Kalunde akaimba sebuleni, kuku wamefungiwa. Ndolo alipomchezea ile rekodi, Kalunde akainamia laptopu. "Kumbe nina sauti ya mama," akasema.

Jumamosi akasafiri. Jumapili baada ya ibada, Wavinya aliketi na laptopu, akarudisha ubeti wa kwanza, akaurudisha tena. Halafu akaanza kuimba naye, polepole, akivuta pumzi pale Kalunde anapovuta.