Vibao Vyeupe vya Hjellvik

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla hata ya kunywa maziwa yake, Ingunn alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifanya. Kwenye ukuta ulioelekea majini wa banda la kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, palitundikwa vibao kumi, kila kimoja na namba yake. Upande mmoja ulipakwa rangi nyeupe, upande wa pili nyekundu. Kayaki ikiingia majini, kibao chake kinageuzwa kiwe chekundu. Ikirudi salama, kinageuzwa kiwe cheupe. Ng'ambo ya fiodi, ule mkono mwembamba wa bahari uliobanwa na majabali, juu kidogo ya zizi la mbuzi, Mzee Torleiv alikuwa na dirisha na darubini. Saa kumi na moja jioni kila siku aliutazama ukuta ule. Akiona vyote vyeupe, alikaa mezani akala. Akiona chekundu hata kimoja, alishuka mbio kuwasha boti yake. Ndivyo watu wa kijiji cha Hjellvik walivyofanya tangu zamani, maana katikati ya majabali yale simu haishiki.

Ingunn alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ilimfanya ajione mtu mzima. Lakini asubuhi hiyo ya Julai akili yake ilikuwa kwingine. Mama yake, Borghild, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwa kayaki, alikuwa amemkubalia kwa mara ya kwanza apige kasia katika msafara wa siku nzima. Baba yake alikuwa mbali baharini kwenye mtambo wa mafuta, na Ingunn alitaka sana kumpigia jioni kwa simu ya mezani ya nyumbani na kumwambia kwamba amefika mpaka kwenye maporomoko ya maji na kurudi, tena bila kuvutwa kwa kamba.

Wageni walikuwa sita. Miongoni mwao alikuwamo Bi Margit, mama mtu mzima aliyestaafu kazi ya posta, pamoja na mjukuu wake Jostein, mvulana wa rika la Ingunn aliyekuwa na mdomo usiopumzika.

"We Ingunn, bado tu unajipamba?" Jostein alipaza sauti kutoka majini. "Bibi yangu ana miaka sitini na minane na ameshaingia. Au unasubiri kubebwa?"

Ingunn alijitumbukiza kwenye kayaki yake kwa hasira, akaibana ile sketi ya mpira inayofunika tundu la kukalia ili maji yasiingie. Ni kazi kuibana, na ni kazi zaidi kuibandua. Ndipo alipokumbuka vibao. Ili kuvifikia ingembidi ajitoe ndani, azunguke banda kwenye mawe yenye utelezi, ageuze vibao vinane, kisha arudi aanze upya huku Jostein akimcheka.

"Vibao?" mama yake aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Tayari, Mama," Ingunn alijibu.

Lilikuwa neno dogo tu, nalo lilimtoka bila shida. Alijiambia kwamba hali ya hewa ni shwari na kwamba watarudi mapema. Akalichomeka kasia majini akaondoka, na hakuna aliyegeuka nyuma kuutazama ukuta.

Saa za asubuhi zilikwenda vizuri. Maji yalikuwa ya kijani kibichi na yametulia, na majabali yalisimama pande zote mbili hadi ukachoka kuinua shingo. Borghild aliwaonyesha shamba la zamani lililojibana juu ya genge, ambako watoto walikuwa wakifungwa kamba kiunoni wasije wakaanguka. Walipofika kwenye maporomoko walikula mikate waliyofunga nyumbani, yenye jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi. Jostein aliomba kipande cha pili, kisha cha tatu.

"Tumbo lako halina sakafu," Ingunn alimwambia, na Bi Margit akacheka mpaka akapaliwa.

Walipoanza kurudi, saa saba mchana, upepo ulitokea baharini. Mwanzoni ulikuwa wa kupepea nywele tu. Baada ya nusu saa mawimbi yalianza kuvunjika meupe, na kila walipopiga kasia kumi walisogea hatua mbili. Borghild aliwaamuru wote wakimbilie ufuko mdogo wa mawe chini ya jabali, palipokuwa na kinga kidogo. Wageni watano na Ingunn walifika. Wimbi likaikamata kayaki ya Bi Margit ubavuni na kuipindua.

Borghild alimfikia upesi. Alimshika ukosi wa jaketi la kuelea, akamvuta mpaka kwenye mawe, lakini katika kuvutana huko redio ya kuitia msaada aliyoivaa kifuani ilikatika kamba yake ikazama. Bi Margit alitoka majini akiwa amelowa mwili mzima. Maji ya fiodi ile hutoka kwenye theluji ya milimani, na hayana huruma hata mwezi wa Julai.

Walimvua nguo zilizolowa, wakamvika nguo kavu za sufu walizochangiana, wakamfunika kwa turubai la rangi ya chungwa ambalo Borghild hakusafiri bila kulibeba. Chai iliyobaki kwenye chupa ilikuwa vikombe viwili. Kila mtu alijaribu simu yake, na hakuna iliyoshika.

"Tusikilizane," Borghild alisema kwa sauti ya utulivu. "Upepo huu hautatuachia njia leo. Lakini msiwe na wasiwasi. Saa kumi na moja Mzee Torleiv ataona vibao vyekundu, naye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Tunachotakiwa ni kusubiri tu."

Nyuso zote zikapata nuru, isipokuwa moja. Jasho jembamba lilimtoka Ingunn ingawa meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi. Alifungua kinywa aseme, akaona jinsi wageni walivyomtazama mama yake kwa imani, akakifunga.

Jostein alimsogelea. Ule utani wake wote ulikuwa umekwisha. "Huyo mzee atakuja kweli?" alinong'ona. "Wewe unamjua. Atakuja?"

"Atakuja," Ingunn alisema.

Sasa uongo ulikuwa wa pili, na huu ulimuuma kuliko wa kwanza, kwa kuwa Jostein aliushika na kwenda nao kwa bibi yake. "Bibi, Ingunn kasema anakuja. Vumilia kidogo, ee?"

Saa kumi jioni feri ilitokea kwenye kona ya fiodi ikipita upande wa ng'ambo, ndogo kwa umbali. Wageni waliruka wakapunga makasia. Mmoja wao, mwanamume mwenye ndevu, alimgeukia Borghild. "Si una fataki ya moshi? Ifyatue sasa hivi!"

"Ninayo moja tu," Borghild alijibu. "Hapa tulipo tumefichwa na kivuli cha jabali, na upepo utautawanya moshi kabla hawajaona. Nikiipoteza sina nyingine. Kama tungekuwa hatuna mtu anayekuja ningebahatisha. Lakini Torleiv anakuja baada ya saa moja. Naiweka ili nimwonyeshe tulipo."

Ingunn alisikia kila neno. Sema, alijiambia. Sema sasa, feri bado ipo. Lakini aliitazama tu feri ikipita mbele ya maporomoko, ikipita chini ya shamba la genge, ikiingia kwenye kona ya pili, mpaka ikatoweka pamoja na watu wake wote wenye joto na kahawa. Hakuwahi kujichukia namna ile.

Saa kumi na moja ilifika, na wote wakageuka kutazama kona ya upande wa Hjellvik. Dakika kumi zilipita. Mtu mmoja alisema labda boti imegoma kuwaka, mwingine akasema mawimbi yanamchelewesha. Chini ya turubai, Bi Margit aliacha kutetemeka.

"Ameanza kupata joto!" Jostein alisema kwa furaha.

Borghild hakufurahi. Alipiga magoti, akamwuliza Bi Margit jina la mjukuu wake. Bi Margit alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataja jina lisilo la Jostein. Uso wa Borghild ulibadilika. Mtu aliyepoa sana mwili huacha kutetemeka kwa sababu nguvu zimemwisha, na Ingunn aliyajua hayo kwa kuwa mama yake huwaeleza wageni kila asubuhi.

"Mama," alisema. Sauti ilitoka kama si yake. "Mzee Torleiv haji."

"Atakuja, mwanangu. Amechelewa tu."

"Haji, Mama. Sikugeuza vibao. Nilikwambia tayari, na sikuvigusa. Vyote ni vyeupe."

Ingunn alisubiri kofi, au kelele, au chochote. Jostein alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. "Ulisema atakuja," alisema. "Nilikuuliza, ukasema atakuja."

Mama yake aliinamisha kichwa kwa muda wa pumzi mbili, kisha akasimama.

"Ya kusema yapo, nitakwambia siku nyingine," alisema. "Feri ya mwisho inapita saa kumi na mbili na nusu. Nikipanda pembeni mwa jabali mpaka kwenye ile ncha, wataniona. Nitahitaji hilo turubai. Ninyi mzungukeni Bi Margit, mkae mmembana pande zote, mumpe joto la miili yenu. Msimwache alale. Ingunn, ingia hapo upande wa upepo."

Ile saa moja Ingunn hakuisahau maisha yake yote. Alikaa ameuelekeza mgongo wake kwenye upepo na kifua chake amekibana kwenye mgongo wa Bi Margit, akimsikia akipumua polepole. Juu yao mama yake alitambaa kwenye mwamba uliolowa, turubai limefungwa kiunoni. Mara mbili mguu wake uliteleza, na mara zote mbili Ingunn hakuweza kufanya lolote ila kutazama. Hakuweza kumshika mama yake, wala kuituliza bahari, wala kuirudisha asubuhi. Alichoweza ni kuongea, basi akaongea. Alimwuliza Bi Margit habari za posta, za barua, za paka wake, na kila bibi huyo aliponyamaza, yeye na Jostein walimwita kwa pamoja. Jostein hakumtazama usoni, lakini waliita pamoja.

Feri ilipotokea, moshi mwekundu ulifuka kwenye ncha na turubai likapepea. Walisubiri. Feri ilizidi kwenda. Kisha honi ikalia mara tatu, na majabali yakairudisha sauti hiyo tena na tena. Yule mwenye ndevu alilia waziwazi bila aibu.

Haikuwa imepita nusu saa boti ya Mzee Torleiv ilipokata kona ikirusha maji, maana nahodha wa feri alikuwa amemwita kwa redio. Mzee huyo alikuwa amevaa ndara, na kitambaa alichokifunga wakati wa kula bado kilining'inia shingoni. Alileta mablanketi na chupa tatu za maji ya moto. Alipokwisha kumlaza Bi Margit vizuri, alimgeukia Borghild.

"Vilikuwa vyeupe, Borghild," alisema. "Naapa. Nilitazama mara mbili. Watu wamekuwa wakiniambia macho yangu yamekwisha, nami nawabishia. Kumbe wanasema kweli. Nimewaacha hapa wakati mimi nakula viazi." Akaivua ile darubini iliyokuwa shingoni pamoja na kitambaa. "Mtafutieni mtu mwingine kazi hii."

Borghild alimtazama Ingunn, akasubiri.

Ingunn alisimama mbele ya wageni wote. "Macho yako ni mazima, Babu Torleiv," alisema. "Vilikuwa vyeupe kweli. Mimi ndiye sikuvigeuza, nikadanganya."

Mzee aliivaa tena darubini yake na kwenda kushika usukani.

Bi Margit alilazwa hospitalini siku mbili. Siku ya tatu alipita Hjellvik akielekea kwao, akamkumbatia Ingunn kabla hajamaliza kuomba msamaha. Jostein hakumkumbatia. Alimpa mkono tu, akasema, "Mara ya pili, nikikuuliza kitu, niambie kweli hata kama ni mbaya."

"Nitakwambia," Ingunn alijibu.

Jioni hiyo Mzee Torleiv alimwita Ingunn nyumbani kwake ng'ambo. Alimkalisha dirishani, akampa darubini.

"Unaona nini?"

"Vibao, Babu. Vyote vyeupe."

"Wamo wote nyumbani?"

"Ndiyo."

"Umejuaje? Umewaona?"

Ingunn hakuwa amemwona mtu hata mmoja. Aliona ukuta na rangi tu.

"Mimi pia siwaoni, mjukuu wangu," Mzee Torleiv alisema. "Miaka thelathini nimekaa hapa nikikiamini kibao, kwa sababu namwamini aliyekigeuza. Siku ile ulimwambia mama yako neno moja, yeye akalitegemea akaiacha feri ipite. Mimi nikalitegemea nikala. Mjukuu wa watu akalitegemea akamfariji bibi yake. Uongo wako ulikuwa mdogo, nakubali. Lakini watu wanane walipanda juu yake, na haukuweza kuwabeba. Kilichowaokoa ni kwamba hatimaye ulisema kweli, ingawa ulichelewa. Kesho usichelewe."

Akasogeza sahani ya viazi, akamwambia ale.

Asubuhi iliyofuata wageni watano walikuwa tayari majini, na mmoja wao alikuwa akilalamika kwamba wanacheleweshwa. Ingunn alikuwa ameshaibana sketi yake. Aliibandua, akajitoa, akazunguka banda kwenye mawe yenye utelezi, akageuza vibao saba kimoja kimoja. Kisha akasimama pale pale, akainua mkono kuelekea ng'ambo, akangoja mpaka alipoona dirishani mkono mwingine ukiinuliwa.